Mtayarishaji anataka nyimbo tatu, mwalimu hataki hata mmoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nimeandika filamu yangu ya kwanza, ya saa moja na nusu. Ni habari ya mama, Bi Mwanamkuu, ambaye mwanawe amezama na mashua kati ya Tanga na Pemba. Nahodha aliyezidisha mzigo amerudi salama, na hakuna wa kumsema, kwa sababu ni ami yake kijana anayemposa binti wa mama huyo. Mtayarishaji wangu anataka nyimbo tatu za msanii wa Bongo Fleva: mwanzoni mwa filamu, pale mama anapoletewa habari ya kifo, na kwenye harusi ya binti miezi minane baadaye. Mwalimu wangu wa chuo anasema wimbo ndani ya filamu ya majonzi ni sumu, niziondoe zote. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mswada wako mara mbili, na uamuzi wangu nautanguliza ili usikae roho juu. Wimbo wa harusi ubaki, tena uukuze. Wimbo wa habari ya kifo uutoe leo hii. Wimbo wa mwanzo uubadilishe uwe kitu kingine kabisa. Sababu zake nitazieleza kwa urefu, maana kesho utaandika filamu nyingine na mimi sitakuwapo mezani pako.

Mwalimu wako hakusema bure. Alichokiona nakijua, kwa kuwa nimekifanya kwa mikono yangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhariri wa filamu ya msiba. Kulikuwa na onyesho la mke anayeletewa maiti ya mumewe uani, na mwigizaji yule alilia kilio ambacho hakikuwa cha kuigiza. Alikuwa amemzika nduguye mwezi uleule. Mimi nikaona hakitoshi. Nikakiwekea juu yake wimbo mzima, dakika nne, wenye maneno ya kumwambia mjane anyamaze, yote hupangwa na Mola.

Tukaenda kuionyesha Pangani, shuka jeupe limefungwa kati ya minazi miwili na jenereta likinguruma nyuma ya shule. Onyesho lilipoanza, kina mama waliokaa mbele kwenye mikeka walinyamaza. Mmoja alishika tama. Wimbo ukaingia, na ubeti wa kwanza bado wamenyamaza. Ubeti wa pili, mmoja akamgeukia mwenzake akamnong'oneza kitu. Kufika kiitikio, watoto wameshainuka kwenda kununua karanga na wale kina mama wanazungumza habari zao. Hawakuwa watovu wa adabu. Wimbo uliwaambia kwamba kwa muda ule hakuna jipya litakalotokea, nao wakauamini. Yule mwigizaji alikuwa angali analia pale kwenye shuka, hakuna anayemtazama. Jambo lile halijanitoka mpaka leo.

Lakini angalia vizuri kosa lilikuwa la nani. Wimbo ule ulikuwa mzuri, na mwimbaji alikuwa hodari. Uliharibu kwa sababu ulikuja kusema kile ambacho uso wa mama yule ulikwisha kukisema, na ukakisema polepole kuliko yeye. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeuweka. Mwalimu wako anauhukumu wimbo kwa kosa la mhariri.

Na mtayarishaji naye usimwone mtu wa fedha tu asiyejua sanaa. Anafuata njia iliyokanyagwa zamani. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay mwezi Machi 1931 ikiwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ikatoka Indra Sabha yenye nyimbo zipatazo sabini. Watu wale walitoka kwenye majukwaa ya maigizo ya Waparsi na michezo ya vijijini, ambako mchezo usio na wimbo watu wasingeuita mchezo. Kuanzia 1935 ikawezekana mwimbaji kuimba studio na mwigizaji kufuatisha kwa midomo, na hapo ndipo sauti moja ya Lata Mangeshkar ilipoweza kutoka vinywani mwa mabibi wa sinema wa vizazi kadhaa. Hata urefu wa nyimbo una sababu yake: sahani ya santuri ya mizunguko 78 ilibeba dakika tatu na kitu kila upande, basi tungo zikakatwa kwa kipimo hicho, na masikio yetu yakazoea.

Pwani yetu ilikuwamo ndani ya mzunguko huo tangu mapema. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, miaka mitatu kabla ya Alam Ara. Baadaye sinema za Unguja, Tanga na Mombasa zikajaa filamu za Kihindi, na watungaji wa tarabu wakachukua mahadhi yale wakayatilia mashairi ya Kiswahili. Bibi yangu hakujua neno la Kihindi, lakini wimbo wa Awaara, ile ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, aliuimba akipepeta mchele. Kwa hiyo mtayarishaji anapokwambia filamu bila wimbo haitapokewa, anayasema yaliyomo ndani ya watu wetu. Anapokosea ni kuanza na idadi. Amesema tatu kabla hajajua wimbo wa kwanza unakwenda kufanya kazi gani.

Tukae sasa kwenye filamu moja, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kukwambia. Ni Mughal-e-Azam ya K. Asif, ya mwaka 1960. Anarkali ni mchezaji ngoma wa kasri, na mtoto wa mfalme, Salim, amempenda. Mfalme Akbar amekwisha kumtupa gerezani ili amsahau. Sasa ametolewa, na anawekwa katikati ya ukumbi wa vioo acheze mbele ya baraza zima. Mfalme amekaa kwenye kiti chake, Salim amekaa pembeni. Filamu karibu yote ni ya rangi nyeusi na nyeupe, lakini hapa rangi zinafunguka, kama mtu aliyefunuliwa macho. Anarkali anaanza kuimba kwamba aliyependa hana cha kuogopa, amependa, hakuiba.

Mtazame mfalme. Mwanzoni anatazama kama mwenye nyumba anavyotazama burudani yake. Ubeti unavyosogea, uso wake unaanza kukaza. Hawezi kumnyamazisha mara moja, kwa kuwa wimbo umekwisha kuanza na baraza linatazama. Akimkatiza atakuwa amekiri kwamba maneno yamempata. Ameshikwa na adabu ya ukumbi wake mwenyewe. Kisha unafika ule ubeti unaosema kwamba pendo lao halifichiki, kila upande ni sura yake tu, na pale dari lote la vioo linajaa Anarkali, kila kipande cha kioo Anarkali mdogo anazunguka. Mfalme anainua macho na hana pa kuyaweka. Wimbo unapokwisha, msichana anarudishwa gerezani, na kutoka hapo baba na mwana wanakwenda hadi vitani.

Jiulize: maneno yale angeweza kuyasema kwa mazungumzo? Mtumwa wa kasri amwambie mfalme mbele ya mawaziri, "Nampenda mwanao na sikuogopi"? Angekatwa kauli kwenye neno la tatu. Wimbo ulimpa ruhusa ambayo mazungumzo hayampi. Na jiulize la pili: kabla ya wimbo kulikuwa na nini, na baada yake kuna nini? Kabla, kulikuwa na siri inayojulikana na wachache. Baada, kuna uasi uliotangazwa. Dakika zile umezila, lakini hadithi imevuka mto ndani yake. Ukiutoa wimbo ule, filamu inakatika vipande viwili visivyoungana.

Hayo maswali mawili ndiyo ninayoyatumia mpaka leo nikikaa mezani na mwongozaji. Je, kuna mtu hapa ambaye hawezi kusema, na wimbo unamsemea au unamruhusu? Je, wimbo ukiisha, mambo yamebaki kama yalivyokuwa? Wimbo ukijibu vibaya yote mawili, naukata, hata kama ni mzuri wa kuliza mawe.

Utaona maswali haya yanafanya kazi mahali pengi. Kwenye Sholay ya 1975, ambayo nadhani hata wewe umeiona kwa wazazi wako, Basanti anaambiwa na jambazi Gabbar Singh kwamba miguu yake ikisimama, mpenzi wake Veeru anakufa. Anacheza juani juu ya mwamba, chupa zinavunjwa chini ya nyayo zake, na kila mpigo wa ngoma ni uhai wa mtu. Hakuna aliyewahi kutoka kununua karanga wakati wa wimbo ule. Na kwenye Casablanca ya Wamarekani, ya 1942, maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao mkahawani. Mkimbizi mmoja anawaendea wapigaji muziki anawataka wapige wimbo wa taifa wa Ufaransa, mwenye mkahawa anaitikia kwa kichwa, ukumbi mzima unasimama na Wajerumani wanamezwa. Dakika chache baadaye mkahawa umefungwa kwa amri. Wimbo umewagharimu kitu. Huo ni wimbo unaostahili nafasi yake.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kusikia likisemwa vya kutosha katika mazungumzo yetu ya filamu, nalo nataka ulishike. Sisi tulijifunza wimbo wa filamu kwa lugha ambayo wengi wetu hatukuielewa. Mtoto wa mtaa wa Ng'ambo kule Unguja au wa Chumbageni hapo Tanga aliyekaa sinema jioni alisikia sauti ya Mohammed Rafi na hakupata neno hata moja. Alipata huzuni, hamu, mahaba, kama mtu anavyopata harufu. Maneno hayakumzuia kutazama uso wa mwigizaji. Wimbo kwake ulikuwa hali.

Sasa ukichukua desturi ile ukaweka wimbo wa Kiswahili, mambo yamegeuka. Mtazamaji wako anaelewa kila neno. Wimbo umekuwa msemaji, na msemaji anayekaa juu ya onyesho humweleza mtu anachokiona kwa macho yake. Mama analia, wimbo unasema mama analia. Kijana amesalitiwa, wimbo unasema usaliti mbaya. Na mambo huwa mabaya zaidi wimbo wenye maneno unapopita chini ya mazungumzo, jambo tunalolifanya kila siku katika filamu zetu: sikio haliwezi kufuata maneno mawili ya lugha moja kwa wakati mmoja. Litaacha moja, na aghalabu litaacha mazungumzo, kwa sababu wimbo una mapigo ya kulivuta. Kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani, ambako spika moja inabeba kila kitu, hakisikiki hiki wala kile. Kwa hiyo tuliposema tunaiga filamu za Kihindi, tulichoiga ni umbo lake. Ile nafasi ya kutoelewa, iliyomwacha mtazamaji huru, hatukuweza kuja nayo.

Usinielewe kwamba nakataza wimbo wa Kiswahili. Nasema wimbo wa Kiswahili mbele ya Waswahili una uzito wa kauli, basi utumie kama kauli. Uwe unatoka kwa mtu, unakwenda kwa mtu, na kuna mwenye kuumia.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye harusi yako, ambayo umeiandika kwa nusu ukurasa tu. Umeandika: "Harusi. Watu wanafurahi. Wimbo unapigwa. Bi Mwanamkuu amekaa kwa huzuni." Mwanangu, umekalia hazina hujui.

Wewe ni mtu wa Tanga, unajua kutunza. Kwenye tarabu mtu mwenye lake na mtu hamwiti jina. Anasubiri ubeti wake. Ubeti ukifika anainuka, noti ameibana kati ya vidole viwili, anakwenda taratibu kwa mapigo, haharakishi. Anaipeperusha noti juu ya kichwa. Anapita karibu na kiti cha anayemkusudia, karibu kiasi cha kugusana mabuibui, jicho linatua pale kwa muda wa kope moja, kisha anaendelea mpaka kwa mwimbaji na kuitoa ile noti. Ukumbi wote umejua. Hakuna aliyetukanwa, hakuna wa kushitakiwa. Kesho mtaa mzima unalijadili. Yale ambayo Anarkali alihitaji ukumbi wa vioo kuyafanya, mama zetu wanayafanya kwa noti ya elfu moja.

Bi Mwanamkuu hawezi kumsema nahodha. Akisema, harusi imevunjika na binti yake ameumia. Miezi minane amemeza. Mke wa nahodha amekaa safu ya mbele na dhahabu zake, kwa kuwa sasa ni upande wa bwana harusi. Wimbo unaopigwa usiwe wa msiba, hata kidogo. Uwe wimbo wa kumwasa bwana harusi, kama zinavyoimbwa siku zote, ndoa ikifananishwa na chombo na mume na nahodha wake. Nimekuandikia beti ya mfano, mpe mtunzi wenu airekebishe:

Nahodha shika sukani, chombo ni amana yako,
usikijaze pomoni, wamo wana wa wenzako.

Wageni wote wanasikia nasaha za ndoa. Mtoto wa mwenzako ni bibi harusi, na chombo ni nyumba mpya. Wanacheka, wanapiga vigelegele. Watu watatu tu wanasikia mashua. Bi Mwanamkuu, aliyekaa kimya tangu siku ya msiba, anafungua pindo la kanga anatoa noti. Kamera imfuate kwa nyuma, usiwaonyeshe wapigaji wala mwimbaji. Tumbaku na udi, migongo, viti vya plastiki, na yeye anapita. Mke wa nahodha anaanza kwa kutabasamu, kama mtu anayempisha mzee. Kisha anaelewa. Mkono wake unakwenda kwenye mkufu. Nje, chini ya turubai, wanaume wamekaa na kahawa zao, na kipaza sauti kinawaletea ubeti uleule. Nahodha anaweka kikombe chini kabla hajanywa. Mwimbaji, kwa kuwa ametunzwa vizuri, anaurudia ubeti, kama ilivyo ada. Anaurudia mara mbili.

Hapo mazungumzo yanaingia wapi? Hakuna haja ya mtu kusema chochote. Na wimbo ukiisha mambo hayakubaki kama yalivyokuwa: nahodha anajua kwamba mama anajua. Sehemu yote ya mwisho ya filamu yako, ambayo sasa inaanza kwa bahati tu, kwa nahodha kukutana naye sokoni, itaanza kutoka kwenye ubeti huo.

Kwa habari ya kushuti, rekodi wimbo kwanza studio. Siku ya harusi uupige kwa spika ili watu wapate mapigo, kisha uzime na umwache Bi Mwanamkuu atembee akihesabu moyoni, ili upate sauti za nyayo, bangili na pumzi. Ukiuacha wimbo unapigwa wakati kamera inakwenda, kila utakapokata picha wimbo utaruka nao, na hutaweza kuuponya mezani.

Wimbo wa mwanzo sasa. Mtayarishaji anautaka juu ya picha za bahari na majina ya waigizaji. Badala yake, mwanzo mama awe uani anakuna nazi, mwanawe anajitayarisha kusafiri, naye anavumisha mahadhi ya wimbo uleule wa harusi, bila maneno. Anavumisha tu, kama mtu asiyejua kwamba anaimba. Mtoto amtanie kwamba wimbo huo una maneno na yeye huyakosea siku zote. Basi. Mtazamaji hatauona kama wimbo. Atauhifadhi mahali asipopajua. Maneno yatakapotoka saa nzima baadaye, harusini, atakuwa anayasikia kwa mara ya kwanza ndani ya filamu juu ya mahadhi anayoyajua, na mahadhi yale yana kijana aliyekufa ndani yake. Hesabu ya mtayarishaji ya nyimbo tatu itakuwa imegeuka wimbo mmoja unaorudi.

Umebaki wa kifo, nao huu hauna utetezi. Nataka nikupe mifano miwili ya waliojua namna ya kumwonyesha mwanamke ambaye moyo wake umejaa kuliko kinywa.

Wa kwanza ni Bandini ya Bimal Roy, ya 1963. Mwishoni Kalyani yuko kwenye bandari ya mtoni. Garimoshi la kumpeleka kwa daktari kijana, maisha mapya yenye heshima, linakaribia kuondoka. Meli inayokwenda ng'ambo imembeba mtu aliyempenda zamani, aliyemuumiza, sasa mgonjwa wa kufa. Kalyani hasemi neno. Sauti ya kiume, nzito, ya S.D. Burman mwenyewe aliyetunga muziki, inaanza kuimba kwa mahadhi ya wanamaji wa mto, ikimwambia nahodha kwamba mpendwa yuko ng'ambo ile. Wimbo unamvuta kama maji, na mwisho anakimbilia meli. Ni wimbo wa juu ya picha, haumtoki yeye kinywani, na bado unafaa, kwa kuwa uamuzi unafanyika ndani yake. Mpaka mwisho hujui atakwenda wapi.

Mama yako hana uamuzi wa kufanya pale. Habari imekwisha kufika, mtoto hayupo. Ndiyo maana mfano wa Bandini haukufai, na wa pili unakufaa: Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya 1955. Baba anarudi nyumbani baada ya muda mrefu na zawadi mkononi, hajui kwamba binti yake Durga amekufa. Anamwonyesha mkewe sari aliyomletea mtoto. Mama anaichukua, anaiuma, na kilio kinapasuka. Lakini sauti yake huisikii. Ray aliitoa kabisa akaweka mahali pake chombo kimoja cha nyuzi, tar shehnai, kinapiga sauti ya juu inayokata. Unaona kinywa cha mama kimefunguka na kinachotoka si sauti ya binadamu. Muziki pale haukumsindikiza mama. Uliichukua nafasi ya kilio chake, kwa kuwa kilio chenyewe kisingetosha. Na hauna neno hata moja.

Wewe usijaribu kuiga jambo hilo, linataka mkono mzoefu. Lako lipo tayari ndani ya mswada, hukuliona tu. Umeandika kwamba mjumbe anaingia akimkuta Bi Mwanamkuu juu ya mbuzi anakuna nazi. Iache sauti ya mbuzi itangulie kabla mjumbe hajaonekana: krr, krr, krr, mkono unaozoea kazi. Mjumbe anatoa salamu. Krr, krr. Anasema alilotumwa. Mkono unakwenda mara mbili zaidi, kwa mazoea, halafu unasimama. Hapo usiweke kitu. Kuku wa uani, upepo, mtoto wa jirani anayeita mwenzake mbali. Ukae na mkono wake uliobaki juu ya nazi kwa muda ambao wewe mwenyewe utaona umezidi, kisha uongeze kidogo.

Mwalimu wako akikuuliza, mwambie kwa heshima kwamba hata Bombay walijua kunyamaza. B.R. Chopra alitoa Kanoon mwaka 1960 bila wimbo hata mmoja, na mwaka 1969 nduguye Yash Chopra akatoa Ittefaq, nayo haina wimbo. Zote mbili ni habari za mauaji, ambapo mtazamaji asipopewa pumzi ndipo hofu inapokua. Hadithi zile zilikataa wimbo. Yako inaudai, lakini mahali pamoja.

Kwa mtayarishaji, nenda na pendekezo, usiende na katazo. Msanii wake aurekodi wimbo wa harusi mzima, kwa namna yake, upigwe mwishoni majina yanapopanda na utolewe mtandaoni wiki mbili kabla ya filamu. Hapo amepata alichokitaka, na watu wataingia ukumbini wanaujua, kama walivyoingia wazee wetu. Ila mkataba uandikwe kabla ya kuingia studio. Haki ya mtunzi wa maneno na mahadhi ni moja, haki ya mwenye rekodi ni nyingine, na unahitaji zote mbili kwa maandishi. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukaulize utaratibu mapema. Nimeona filamu iliyokwisha kamilika ikiondolewa mtandaoni kwa sababu ya sekunde arobaini za wimbo ambao kila mtu alidhani mwenzake ameuombea ruhusa.

La mwisho ni la siku ile ya kushuti onyesho la uani. Mkimaliza, kabla hamjafungua taa wala kukunja nyaya, waambie watu wote wazime simu na wasimame walipo, na fundi wa sauti arekodi ule uani mtupu kwa dakika mbili. Fanya siku ileile na saa ileile, maana minazi wakati wa kusi haivumi kama inavyovuma wakati wa kaskazi, na huwezi kurudi mwezi mwingine ukaikuta sauti hiyo. Dakika mbili hizo ndizo utakazoziweka mahali pa wimbo ulioutoa.